Ombi la Kuondolewa Mlangoni

Sib, Muscat
7 Julai 2024

Kwa binti yangu mpenzi Mazoon,

Assalaam alaykum warahmatullah. Ama baada ya salamu, nnakuarifu ya kwamba mimi na shangazi yako Masouda tu wazima, isipokuwa goti lake la kushoto, ambalo halijapata kuwa zima tangu tuhamie nyumba hii. Twataraji nawe huko Osaka u katika siha njema. Barua hii nimeiandika kwa wino, kisha nikaipiga picha kukutumia, kwa sababu mambo mazito hayasemwi kwenye simu huku mtu akikaanga samaki.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Waeleza kwamba hoteli yenu imeingia katika ada zake za kiangazi: kengele ndogo za kioo zatundikwa ukumbini, na mgeni hupewa kitambaa baridi na chai ya shayiri yenye barafu. Hayo nimeyaridhia. Lakini waeleza pia kwamba wewe, binti wa Thabit bin Humaid, mwenye shahada, kila alasiri watoka na ndoo na upawa wa mti kuinyunyizia maji njia ya mlangoni, kisha wawainamia watu wanaoshuka kwenye teksi.

Je, hayo yamo katika mkataba wako wa majaribio? Nao wakiamua tarehe 31 Agosti kutokubakisha, utakuwa umewaoshea njia bure. Shangazi yako asema, "Mwache mtoto wa watu apumue." Nimemkumbusha kuwa huyo si mtoto wa watu, ni wangu.

Akutakiaye kheri,
Baba yako, Thabit


Osaka
10 Julai

Baba yangu,

Shikamoo. Mimi mzima, alhamdulillah. Joto la hapa si kama letu, hili linanata mwilini kama halwa. Goti la shangazi lipe pole.

Baba, siwaoshei njia. Maji yale hupoza ardhi kabla mguu wa mgeni haujaikanyaga, ajue alikuwa akingojewa. Kila mwaka ikifika kiangazi hapa hufanywa hivyo. Tulijaribiwa sote tisa tulioajiriwa pamoja, na meneja akasema mkono wangu ndio mwepesi kuliko yote, maji yanatua pale pale bila kumrukia mtu. Ndiyo maana nimewekwa mlangoni. Na wa mlangoni ndio wanaobakishwa.

Nnakujua. Tafadhali usimwandikie mtu yeyote.

Binti yako, Mazoon


Sib
11 Julai

Binti yangu Mazoon,

Baada ya salamu na kukuulizia hali, nnasikitika kukuarifu ya kwamba ombi lako la kutoandika limenifikia likiwa limechelewa kwa siku mbili. Tarehe 9 nilimpelekea meneja wako, kwa posta ya haraka, waraka wa kurasa nne kumwomba akuondoe mlangoni. Nimeuandika kwa Kiswahili, kwa kuwa Kiingereza changu hakitoshi kwa jambo linaloniuma. Wamtafute mfasiri.

Usihofu sana. Kwa miaka ishirini nimewaandikia watu wa mtaa huu maombi ya kila namna, na wajua mwenyewe ni machache yaliyojibiwa.

Baba yako, Thabit


Osaka
22 Julai

Baba,

Salama.

Mfasiri waliyempata ni mimi.

Meneja aliniita ofisini akaniwekea kurasa zako nne mezani. Ningeweza kusema ni salamu za mzazi. Lakini wewe ulinifunza kwamba maandishi ya mtu hayapunguzwi, basi nikasoma yote, hata pale ulipoandika "mtumishi wa ndoo". Alinisikiliza amesimama mpaka mwisho. Kisha akainama, akasema mzazi aliyeandika kwa uangalifu namna hii ni wa kuheshimiwa, na ombi lake limekubaliwa.

Sasa nnakunja taulo katika chumba kisicho na dirisha. Mwenzangu aliyepewa upawa wangu anawalowesha wageni viatu. Hongera, Baba. Umejibiwa.

Mama, Mungu amrehemu, alikuwa akisimama kizingitini na mrashi wake wa fedha, akiwanyunyizia wageni marashi viganjani. Nani alimwita mtumishi? Mkono niliosifiwa hapa ni ule ule.

Mazoon


Sib
24 Julai

Binti yangu,

Nimeipokea barua yako. Nimeona ulivyoitia saini. Naomba unijulishe hali yako.

Baba yako


Sib
30 Julai

Binti yangu Mazoon,

Simu yako yaita bila kupokewa. Shangazi yako asema wewe humpokea yeye, lakini kila nikikaribia hufunga mlango wa jikoni. Nimemuuliza kama unakula. Akanijibu, "Mwandikie ombi akwambie."

Naomba neno moja tu.

Baba yako


Sib
5 Agosti

Kwa binti yangu Mazoon,

Baada ya salamu. Leo nimempelekea meneja wako waraka wa pili. Una mistari sita. Nimeshinda nao siku nne, na ule wa kwanza niliumaliza kwa usiku mmoja.

Kuna jambo ambalo katika kurasa zile nne sikuliandika. Sikuwa nikichelea heshima yako. Nilikuwa nikitaka wakurudishe nyumbani.

Zimebaki siku ishirini na sita. Nnazihesabu kwa hofu ambayo sijui kuiandika vizuri.

Baba yako, Thabit


Osaka
31 Agosti

Baba yangu,

Shikamoo. Goti la shangazi? Wewe je, unalala?

Mistari yako sita pia niliitafsiri mimi. Nilipofika "kosa ni langu, yeye hana" nikaweka kidole hapo, nisiendelee. Meneja akadhani nimekwama, akanisogezea kamusi. Sikuwa nimekwama.

Siku ya pili yake nilikuta upawa umewekwa juu ya taulo zangu.

Leo wamenibakisha. Mkataba ni wa miaka miwili. Sijui nikupe hongera au pole.

Binti yako, Mazoon


Sib, Muscat
1 Septemba 2024

Kwa binti yangu mpenzi Mazoon,

Assalaam alaykum warahmatullah. Sisi wazima. Goti ni lile lile.

Barua yako nimeisoma mara tatu, na mara mbili za kwanza nilikuwa nikitafuta tarehe ya kurudi. Mara ya tatu ndipo nilipoweza kufurahi. Hongera, mwanangu.

Jana alasiri nilitoka na ndoo na kata ya jikoni, nikanyunyiza maji mlangoni petu. Yalikauka kabla sijainua kata ya pili. Shangazi yako akachungulia dirishani: "Thabit! Unamwagilia saruji, watarajia iote nini?" Mkono wangu ni mzito, nusu ya maji iliingia viatuni.

Mrashi wa mama yako nimeusugua mpaka umeng'aa, nikauweka karibu na mlango. Marashi yake nitayabadilisha kila Ijumaa, yasichuje kabla hujaja.

Akungojaye,
Baba yako, Thabit