Neno Ambalo Sikuliuliza

Pasua, Moshi
8 Desemba

Kaka Gidioni,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima huko kiwandani, wewe na wifi Dainess, na kwamba kifua cha mtoto kimepona. Huku sisi hatujambo. Mama yuko Mwika, goti linamsumbua, lakini hakubali mtu mwingine amkamulie ng'ombe wake.

Utashangaa kuandikiwa wakati simu ipo. Kwenye simu ningelia nikakata, au ningepindisha maneno tena.

Unakumbuka Februari, ulipokuwa hupokei simu za baba kwa ajili ya ule ugomvi wenu wa kihamba, shamba letu la migomba? Alinitumia karatasi kwa mama Digna anayeleta ndizi sokoni. Aliandika hivi: "Mwambie Gidioni aje tutakane buriani, ya kihamba yaishe." Hilo neno buriani sikulijua. Nadhani baba alilitoa Tanga, alikokata mkonge ujanani. Na mimi, karani wa usharika, ninayesimama kila Jumapili kusoma matangazo mbele ya watu wote, nimuulize nani? Nikaona limekaa jirani na kihamba, nikadhani ni mambo ya kugawana. Nikakupigia nikakuambia baba anakuita akukatie sehemu yako. Ukawaka, ukasema hutakuja kupimiwa kamba kama mgeni. Baba aliishi siku tisa baada ya hapo, na kila siku alimuuliza mama kama kuna mtu ameingia.

Msibani ulisimama peke yako kule kwenye miti ya kahawa, na wazee wakakusema. Niliwasikia.

Halafu siku moja ofisini nikasoma gazetini tangazo la kifo, familia ikimpa marehemu wao buriani. Nikaazima kamusi ya mchungaji. Kumbe ni maneno ya kuagana na kuombana radhi, hasa mtu anapoona safari yake imefika. Mungu wangu! Baba alikuwa anakuomba radhi, kaka, na mimi nikakuletea habari za kamba.

Lakini kutojua siko kunakonikondesha. Gazeti lile nililisoma mwezi wa tano. Tangu hapo mama anawaambia watu kwamba mwanawe wa kwanza alikataa wito wa baba yake, nami nimekaa hapo hapo namenya ndizi, kimya, kwa kuogopa ijulikane kwamba msomaji wa kanisa hakuelewa alichosoma. Nimekuacha ubebe aibu yangu miezi saba. Jumamosi napanda Mwika kumwambia mama.

Karatasi ya baba iko humu ndani, isome mwenyewe. Nilitaka kuweka na jani la isale, kama tunavyoombana msamaha kwetu, nikaliacha. Isale halikataliwi, aliyeletewa hana budi kusamehe. Wewe nataka uwe na nafasi ya kukataa.

Wifi na mtoto wape salamu zangu, hata kama mimi hutanipa zako.

Mdogo wako,
Aikande