Usukani Uliotetemeka

Shoga, acha unachofanya unisikilize. Leo mimi na kaka tumeponea chupuchupu ndani ya gari la baba!

Lori limesimama ghafla mbele yetu, kaka akakanyaga breki kwa nguvu zote. Usukani ukatetemeka mikononi mwake kama mtu mwenye homa. Bampa nusura ibusu lile lori.

Unakumbuka baba alivyolalamika? "Nikikanyaga breki gari linatetemeka." Na kaka akamjibu, "Gari ni zima, baba. Ni mikono yako ya uzee." Akamnyang'anya funguo. Mbele ya wajukuu, shoga. Mbele ya wajukuu!

Fundi kafungua magurudumu ya mbele, diski za breki zimepinda, ndizo zinazotetemesha usukani. Akauliza, "Nani huzimwagia maji ya baridi zikiwa bado za moto?"

Kumbe kaka! Ni yeye! Kila alipoazima gari la baba, akirudi tu, mpira wa maji huo kwenye magurudumu.

Fundi kafunga diski mpya, gari limetulia tuli. Kaka akampelekea baba funguo kwa mikono miwili, macho chini.

Baba hata mkono hakunyoosha.

"Kaa nazo, mwanangu. Tangu siku ile, wajukuu hunishika mkono nikivuka barabara."