Barometa Iliyosemekana Imekufa

Jumatatu, 5 Mei

Ukiziokota kurasa hizi, nakusihi kwa jina la mama yako: usimsomee mtu hata neno moja. Mimi ni karani wa shule. Woga wangu unitoshe mwenyewe.

Asubuhi kama kawaida. Nimepiga chapa matangazo, nimebadilisha wino wa mashine. Kisha prefe, mkuu wa shule yetu hapa Goma, akaniita. Mwalimu wa fizikia amehamia Bukavu. Mimi nilisoma fizikia chuoni, basi nishike darasa la sita, sura ya gesi. Ijumaa atakaa nyuma asikilize. Nikishindwa, wanafunzi wataunganishwa na shule nyingine, nami nirudi mezani kwangu. Na mtihani wa serikali umekaribia.

Naogopa. Nataka. Vyote viwili.

Jumanne, 6 Mei

PV = nRT ubaoni. Chaki ilivunjika mkononi. Wakacheka. Nami nikacheka, sijui kwa nini.

Hesabu zilikwenda vizuri. Mmoja alisahau kuongeza 273 kwenye joto, wenzake wakamzomea kwamba ameigandisha gesi. Raha tupu.

Kisha Neema, binti wa mstari wa mbele asiyeacha utani, akatoa pakiti ya krispi. Tantine yake, yaani shangazi yake, anaziuza mtaani Ndosho. Zinatoka pwani, zinafika zimevimba kama mto wa kulalia. Wateja wanasema zimeoza.

"Sekretere, kitabu kinasema hewa inasukuma kilopaskali 101. Kule pwani 101, hapa 101. Sasa hii pakiti inavimba juu ya nini?"

Nikasema nitalitafuta jibu. Aibu.

Jumatano, 7 Mei

Katika kabati la maabara nimekuta barometa, kipimo cha msukumo wa hewa. Ina kibandiko: IMEKUFA. Sindano imesimama kwenye 85. Bila shaka kila mwalimu aliilinganisha na kitabu, akaihukumu.

Je, kama 101 ya kitabu ni ya pwani tu? Sisi tuko juu, hewa yetu nyepesi. Lakini kuwaza si kujua.

Nimelionyesha darasa. Neema akasema: "Ile ilikufaga zamani, Sekretere. Tuiombee tu."

Alhamisi, 8 Mei

Baada ya kazi nimeipeleka kwa pikipiki, kutoka ukingo wa ziwa mpaka Munigi, juu mlimani. Nimeipakata kama yai. Kila shimo la barabara, moyo mdomoni.

Ziwani, 85. Munigi, sindano imeshuka. Kidogo, lakini imeshuka. Nimerudi ziwani, imepanda tena.

Mfu hasikii mlima. Nimecheka peke yangu mpaka mwenye pikipiki akauliza kama nina homa.

Ijumaa, 9 Mei

Prefe nyuma, mikono kifuani. Nikamwita Neema ubaoni na pakiti yake.

Joto lile lile, gesi ile ile ndani. Basi P mara V haibadiliki. 101 kugawa kwa 85. Karibu 1.2. Hewa ya pwani ikifika Goma inajinyoosha, inaongezeka sehemu moja ya tano. Krispi hazikuoza. Zimepanda mlima.

Nikawasimulia safari ya Munigi. Nikabandua kibandiko mbele yao.

Prefe akaja polepole, akagonga kioo kwa kidole. "Miaka yote hii," akasema, "tulizika mutu akiwa angali muzima."

Darasa likalipuka kwa kicheko. Naye akacheka. Kisha Neema, chaki bado mkononi: "Prof, tupe ingine."

Prof. Prefe hakumsahihisha.

Jumamosi, 10 Mei

Mvua. Tantine wa Neema ameniletea pakiti moja, nono. Anasema sasa anawaeleza wateja kwamba zimevimba kwa heshima ya Goma, nao wananunua.

Sijaifungua. Nimeiweka dirishani, nimelala chini nikiitazama. Woga bado upo, ila umekaa pembeni.

Wewe uliyesoma mpaka hapa, ukinihitaji usije ofisini. Vuka ua wa shule, mlango wa mwisho, darasa la sita. Fuata kicheko. Uliza Prof.