Amina Zilizotoka Kwangu

Chumba cha Cherehani,
Nyumbani.
Jumatatu, 9 Juni.

Mpendwa mdogo wangu Kitinda,

Salamu nyingi kutoka chumba hiki ulimozoea kuchapwa kwa kuficha mikasi. Hujambo? Kifua chako kimepona, au bado kinakusumbua asubuhi? Sisi tu wazima. Shemeji yako fundi baiskeli ameota kitambi, anadai eti ni mkao wa shati. Wapwa zako wanamaliza viatu tu.

Utashangaa kupata karatasi wakati simu ninayo. Kuna jambo limenishinda kuliandika kwa vidole gumba. Nimepiga moyo konde, nawe usome hadi mwisho ndipo unune.

Zile "Amina" zinazokufikia kila Jumapili ukihubiri mtandaoni, kutoka kwenye simu ya Mama, ni zangu. Tangu Januari. Masikio ya Mama yameziba. Daktari alisema la kushoto limekwisha, na la kulia linasikia mlango ukibamizwa tu. Mama alinikataza kukuambia, eti utakosa usingizi. Nami ndimi niliyekuwa nikimbonyezea herufi tangu zamani, basi nikaendelea kukujibu kwa niaba yake. Ya kwanza niliiandika kwa huruma, zilizofuata zikawa mazoea. Halafu ukawatangazia waumini wako wa mtandaoni kwamba mama yako ndiye wa kwanza kuitikia, wakaanza kumtumia vimioyo vyekundu, nikafyata ulimi. Naona aibu, mdogo wangu. Nisamehe. Ila na wewe nawe, ukipiga nikisema amepumzika, huulizi mara ya pili.

Jana nilirudi kutoka kanisani nikamkuta Mama mezani, simu ameiegemeza kwenye kopo la vifungo, wewe unahubiri bila sauti. Nikaipandisha. Akanipiga kibao mkononi.

"Acha bwana, hainisaidii hiyo. Namtazama mwanangu."

Nikamwandikia kwenye daftari la vipimo: kumbe huwa unamtazama?

"Kila Jumapili, wewe ukienda zako. Hebu ona kola ilivyomwachia. Amekonda huyu. Na siku hizi akitaka kucheka anatazama chini kwanza. Anakula na nani huko?"

Nikavuta kiti, tukakutazama tena kutoka mwanzo, sauti nikiwa nimeizima. Mahubiri hayo nilikuwa nimeyasikiliza njiani kwa simu yangu na kuyasifu, Amina nikiwa nimeshaibonyeza kwa ya Mama kabla ya kutoka. Bila sauti ndipo nilipouona mkono wako umeshikilia meza muda wote, kama mtu anayeogopa kuanguka. Watu elfu tatu walikufuatilia jana, tukakuandikia ubarikiwe mtumishi. Aliyekuona ni mmoja, naye hakusikia neno. Nililia, nakwambia kweli.

Sisemi uache huduma. Mpangaji wetu muuguzi hukusikiliza akipiga pasi sare yake, na yale uliyosema juu ya kusamehe ndiyo yaliyomfanya ampigie dada yake baada ya miaka minne ya kununiana. Simu hizi nazisuta kutwa, na bado ndizo ninazozitegemea. Ila Mama hahitaji mtumishi, anamhitaji Kitinda.

Basi kila Jumatano, saa saba mchana kwa saa za huku, simu itakuwa pale pale kwenye kopo la vifungo. Piga ya video. Usihubiri. Weka sahani yako mbele yako ule, naye atakula ya kwake. Jana jioni tulijaribu na Shangazi. Walitaniana kwa kukunjiana sura nusu saa nzima, Mama akacheka hadi akashika mbavu. Sijamwona hivyo mwaka huu.

Shati lililo kwenye kifurushi ni kazi yake. Amekukadiria kwa macho kwenye kioo cha simu, akaipunguza kola. Nilipomwonyesha kwa ishara kwamba tukuulize vipimo kwanza, alinitazama kama mtu aliyenifundisha kazi, na kweli ndiye.

Shangazi anakusalimu sana, na shemeji yako na wapwa zako pia. Muuguzi naye anasema asante. Mungu akushike unaposimama mbele ya wengi, na unapokaa mezani peke yako.

Ni mimi nikupendaye hata ukinuna,
Dada yako.

Mama ameisoma barua yote, kisha amenipokonya kalamu. Mwandiko huu unaopanda mlima ni wake:

Amina. Hii ni yangu mwenyewe. Kola ikikubana, nitafurahi.