Kibarua wa Buzuruga

Mama,

Shikamoo. Najua hutaitikia, basi najiitikia mwenyewe kwa sauti yako: marahaba, Kabula, umekula lakini? Nimekula, Mama, ingawa siku hizi hata samaki sato namwacha nusu.

Jumamosi tumekujengea kaburi hapa Misungwi. Nakupa habari yote, maana hukupenda kusimuliwa nusu.

Ugomvi ulianza siku ya mazishi. Kaka Masanja, mwanao wa ofisini, alisoma wasifu wako akasema ulikuwa mjasiriamali. Mjasiriamali! Ulijasiria nini wewe zaidi ya karai la zege kichwani, ukipandisha maghorofa ya watu? Nikamwambia kaburini tutaandika kibarua. Akanijibu, "Kabula, acha. Unataka watu wamcheke mama?" Tangu hapo hatukusemeshana vizuri, na kaburi lako likabaki udongo mtupu kwa sababu ya neno moja.

Neno lenyewe ulilipenda. Jioni, ukijikanda miguu kwa maji ya moto, ulitusimulia habari za babu aliyefanya kazi kwenye kiwanda cha kuchambua pamba. Zamani, ulisema, mtu wa kazi ya kutwa alipewa kikaratasi, barua ndogo, kikawa kinatiwa alama kila siku aliyofika. Hicho ndicho kibarua. Kazi ikachukua jina la karatasi, halafu mtu naye akachukua jina la kazi. Babu alikificha chake kwenye pindo la kaptula, kisiguswe na mtu. Na sisi tukikusumbua ulisema kutulea ni kibarua kizito kuliko zege, ukacheka mpaka jirani akauliza kuna nini. Kicheko hicho ndicho kinachonisumbua sasa.

Basi Jumamosi Masanja alileta fundi na saidia fundi wake. Kabla hawajachanganya simenti, gari likasimama barabarani, wakashuka wenzako mliobeba nao zege kule Buzuruga, kila mmoja na karai lake na ngata ya kanga ya kuliwekea kichwani. Masanja akadhani wamekuja kutafuta kazi. Akawaambia kwa upole kwamba watu wametosha.

Unakumbuka desturi yenu: mmoja akiugua, wengine mnabeba makarai yake ili siku yake isipotee. Mama Neema, mmoja wao, akamtazama kaka, akasema, "Mwanangu, leo hatukuja kibarua. Mwenzetu hawezi. Tumekuja kumbebea."

Jamani, Mama. Nililia.

Wakapanga mstari kutoka kwenye zege mpaka kaburini, karai likawa linapita mkono kwa mkono. Katikati waliacha nafasi, ile uliyozoea kusimama, pembeni ya Mama Neema. Karai lilipomfikia, hakuwa na wa kumpa. Akabaki amelishika, anasubiri. Mimi nilikuwa mwisho kabisa wa mstari.

Masanja akavua viatu, akakunja suruali, akaingia pale. Alipokea vibaya, zege likammwagikia kifuani. Mama Neema akamfokea, "Kunja magoti, wewe! Mama yako hakukufundisha?" Watu wakacheka. Naye akacheka, halafu akalia, huku anapokea karai jingine. Hakutoka kwenye ile nafasi mpaka zege likaisha.

Fundi alipouliza aandike nini, nilimwachia kaka. Nilikuwa nimechoka kugombana. Masanja ndiye aliyetaja jina lako, kisha akasema, "Chini yake andika, Kibarua wa Buzuruga. Herufi kubwa, zionekane kutoka barabarani."

Zinaonekana, Mama. Nimekwenda mpaka barabarani kuhakikisha.

Lala salama. Nakuahidi tutakuja wote wawili kulipalilia kaburi lako, na mwenzako yeyote akiugua, nitakwenda Buzuruga kushika karai lake. Leo asubuhi kaka kanipigia simu, kaniuliza kama na mimi mabega yananiuma. Yananiuma, Mama. Yako yapumzike.

Mwanao,
Kabula