Mimi Ndiye Niliyeshika Birika

Kijiji cha Ujamaa Mapambano,
S.L.P. 9,
Usoke.
2 Septemba, 1975

Mpendwa mwanangu Anton,

Shikamoo yako imefika salama na muhuri wake wa Marekani, nami naitikia marahaba. Hujambo, baba? Kifua kinaendeleaje na hiyo baridi? Masomo ya kumwagilia mashamba yanaingia kichwani, au maji yanapita pembeni? Sisi huku hatujambo. Mimi shangazi yako ni mzima, ila goti la kushoto limeanza kunidai heshima kila nikiinuka. Baba yako hajambo. Mama yako Josepha hajambo, na ameniagiza nikuulize kama unapata ugali. Nilimwambia umeshajibu swali hilo mara nne, akasema niulize tena, basi nimeuliza.

Jua ni kali na visima vimeshuka. Tumbaku ya mwaka huu tumemaliza kuipanga madaraja na kufunga marobota, na bani la baba yako la kukaushia majani limepata paa jipya la nyasi. Ndiyo, nimeitaja tumbaku, tena ukurasa wa kwanza. Sijasahau ulichoniomba.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Unasema hao Wamormoni wamekupokea vizuri, na bibi yule mjane hukukaribisha chakula kila Jumapili, amekufumia hata sweta, na hupenda umtafsirie barua za nyumbani mezani pamoja na wenzake wa kanisani. Namshukuru sana bibi huyo. Lakini unasema pia kwamba wao hawanywi chai wala kahawa, pombe ndiyo kabisa, na tumbaku kwao ni kuuchafua mwili. Siku ya kwanza uliomba chai, meza nzima ikanyamaza, na tangu hapo unaona macho yote yako kwenye kikombe chako. Ndipo walipokuuliza kwenu mnalima nini, ukawajibu mahindi na karanga.

Sasa wataka kubatizwa kwao, nami niandike barua nzuri ya kusomwa mezani: kwamba tunalima mahindi, kwamba nyumbani tunakunywa maji, na kwamba baba yako hana kiko. Mwanangu, baba yako akionekana hana kiko, watu wa huku wataanza kuchanga sanda.

Nilikasirika, lakini kwanza sikukukasirikia wewe. Niliwakasirikia hao wanaomchunguza mtoto wa watu anakunywa nini. Usiku huohuo nikajaza kurasa mbili kali za kwenda kwao moja kwa moja, uwatafsirie utake usitake. Nikaziweka chini ya godoro nizimalizie baada ya karamu ya upendo. Karamu hiyo ndiyo iliyoniharibia hoja zangu zote.

Unaikumbuka karamu yetu sisi Wamoravian ya kila Agosti. Tunakaa kanisani tunaimba, maandazi yanapita kwenye masinia, na chai inamiminwa benchi kwa benchi, mkubwa kwa mdogo, bila kubagua. Ndivyo tunavyosema kila mwaka, bila kubagua. Birika nimelishika mimi kwa miaka kumi na miwili, na nakiri nililishika kwa maringo.

Kanisa lenyewe sasa ni jipya, la miti na udongo, tulilojenga tulipohamishiwa kijijini mwaka jana. Nyumba zetu zimepangwa mistari kama miche ya tumbaku, na kila mtu anaona moshi wa jiko la mwenzake. Mwenyekiti wetu, Ndugu Masolwa, anasema huo ndio ujamaa. Mimi naongeza kwamba hata kusengenyana kumekuwa rahisi, maana zamani ilibidi utembee maili tatu ndipo ujue jirani amekosa nini.

Jumamosi, siku moja kabla ya karamu, nilikuwa na Bernadeta, msaidizi mwenzangu wa kanisa upande wa wanawake, tunaosha vikombe vya bati. Akavihesabu, akapata sitini na nane. Akasema vinatosha, tena kimoja kimezidi kwa sababu Nyamizi hahesabiwi. Alisema kwa upole tu, kama mtu anayetaja idadi ya kuni. Mimi nikabaki na kitambaa mkononi. Niliona aibu, Anton. Niliona aibu mpaka shingo ikawaka, na Bernadeta akaniuliza kama homa imenirudia.

Huyu Nyamizi humjui vizuri. Ni mke wa fundi anayejenga mabani, na aliolewa huku wakati wewe uko sekondari. Mwaka juzi mwanawe alipata degedege, zahanati ikawa mbali, naye akamkimbiza kwa mganga, akapigiwa ramli na mtoto akafungwa hirizi. Mtoto alipona, ndiye huyo anayewakosesha raha kuku wangu kila asubuhi. Habari zikafika baraza la wazee. Tukamtenga miezi mitatu akae benchi la mlangoni, na mwisho wake asimame mbele ya usharika aseme anajuta. Nasema tukamtenga kwa sababu nami ni mmoja wa walionyosha mkono.

Miezi ilipokwisha alisimama kweli, kwa adabu zote, mtoto mgongoni. Akasema, "Wazee wangu, nikisema najuta kumhangaikia mwanangu nitakuwa namdanganya Mungu, na Mungu ananijua. Nihukumuni tu."

Basi tukamrudisha mlangoni, na huu ni mwaka wa pili. Kila karamu chai inaishia benchi lililo mbele yake. Mimi ndiye ninayegeuka na birika.

Jioni ile nilikwenda kwa mchungaji kumwuliza imeandikwa wapi kwamba aliyetengwa asipewe chai ya karamu. Meza ya Bwana naelewa, ina taratibu zake. Lakini chai na andazi? Alifungua kitabu cha taratibu, akafunua mbele na nyuma, hakuona kitu. Akasema alipohamia kwetu aliikuta desturi hiyo, akadhani ni ya zamani sana, pengine ya wamisionari.

Nilirudi nyumbani nikakaa jikoni, na hapo ndipo nikakumbuka. Haikuwa ya wamisionari, ilikuwa ya kwangu. Mwaka sitini na tatu, mara yangu ya kwanza kushika birika, wageni walikuja na treni kutoka Kaliua wakatuzidi vikombe. Nilipofika benchi la mlangoni hakikubaki hata kimoja. Nikajiambia hawa wako kwenye marudi, wametengwa kwa makosa yao, hawatanung'unika, nikageuka. Mwaka uliofuata vikombe vilitosha, lakini nilipokaribia benchi lile niliona watu wananitazama nitafanya nini, nami nikageuka tena. Nilipenda kutazamwa, mwanangu. Nilipenda kuonekana mlinzi wa nyumba ya Mungu. Mwaka wa tatu hakuna aliyetazama tena, kwa sababu ilikwisha kuwa sheria.

Nilikuwa nimewaandikia wenzako kurasa mbili za kuwakanya, kumbe mwalimu wao nilikuwa mimi.

Jumapili nikaingia kanisani na birika langu. Nikamimina benchi moja baada ya jingine, na nilipofika la mwisho sikugeuka. Nyamizi alidhani nimepotewa na akili. Akaninong'oneza, "Dada Getruda, umejisahau."

Nikamwambia, "Sijajisahau. Shika kikombe."

Akakishika juujuu, nami nikamimina kwa haraka, nusu ya chai ikaishia kwenye kitenge chake. Upande wa wanawake wimbo ulipungua nguvu, nikasikia mabenchi yanalia watu wakigeuka. Aliyeunyanyua wimbo tena ni mama yako, kwa ile sauti yake ya kuitia watu shambani. Jioni alinitumia kuku.

Jumatano ya wiki iliyofuata baraza la wazee likaniita. Niliwaeleza yote ya vikombe vya mwaka sitini na tatu. Wawili walicheka, na nadhani hao wawili wako upande wangu. Waliobaki wakasema desturi hata ikianzia kwenye kikombe ni desturi, na mtu mmoja hawezi kuibadili kwa birika. Hapo nilikuwa na la kuwajibu, maana mimi mmoja ndiye niliyeianzisha kwa birika hilohilo, ila sikutaka kuwatia aibu. Wakaamua birika apewe Bernadeta, nami nikae mlangoni miezi mitatu, kisha nisimame niseme najuta. Niliwaambia mapema kwamba nitajuta sana, tena kwa machozi, kwa ajili ya miaka kumi na miwili. Kwa kikombe kimoja sitajuta. Katibu hakuliandika hilo kwenye daftari.

Kwa hiyo sasa nakaa benchi moja na Nyamizi. Usinihurumie. Mlangoni kuna upepo mzuri, na mahubiri yakirefuka mtu anaweza kutazama nje. Nyamizi anajua kuimba sauti ya pili kuliko wote walioko mbele, na kwa miaka miwili hatukuisikia kwa kuwa alikuwa akiimba peke yake.

Wapo walioniambia nihame, niende kwa Wakatoliki, au nikae nyumbani na redio yangu. Siendi popote. Hapa nilibatizwa, wazee wangu wamezikwa na usharika huu, na hao walioninyang'anya birika ni ndugu zangu. Juzi Bernadeta alikuja na sahani ya maandazi kuniuliza nilikuwa natia tangawizi kiasi gani. Nilimwelekeza, ingawa si yote.

Sasa nije kwako. Zile kurasa mbili nimezichomea jikoni. Wenzako siwezi kuwatukana, hawatuzidi ubaya hata kidogo. Wao hawataki chai, na kila nyumba ina masharti yake. Hata tumbaku siitetei kama dawa, maana baba yako anavyokohoa alfajiri sisi sote tunaamka naye. Kama moyo wako umeona huko kuna Mungu, batizwa. Nitalia kidogo kwa sababu nilitaka urithi benchi la babu yako, halafu nitanyamaza.

Lakini Nyamizi angeweza kusema maneno mawili ya uongo akapata kikombe siku ileile, na hakusema. Wewe umeyasema ukapata kiti, na hilo ndilo linaloniuma, Anton. Umekaa kwenye kiti cha kijana wa mahindi na karanga ambaye sisi hatumjui. Huyo wanayempenda na kumfumia sweta si wewe, na siku wakimfukuza hutajua kama walikuwa wanakufukuza wewe. Wewe ni yule aliyekuwa akitunga majani ya tumbaku kwenye vijiti mpaka vidole vikawa vyeusi kwa utomvu, akaenda kufanya mtihani wa darasa la saba na vidole hivyo, akawashinda wa mjini.

Halafu lile uliloliandika pembeni kwa herufi ndogo, kwamba hata ukibatizwa, kwa ajili ya ngozi yako hutapewa ukuhani ambao kwao hata mvulana wa miaka kumi na miwili anapewa. Kwa nini uliliandika kwa herufi ndogo? Waulize kwa herufi kubwa. Uliza kwa adabu, umekaa wima, na usikilize wanajibu nini. Mimi hapa nilipouliza imeandikwa wapi, kitabu hakikuonyesha kitu, na swali hilo lilinifaa kuliko mahubiri ya miaka mingi.

Kwa hiyo barua uliyoiomba sikuiandika. Jumapili mtafsirie yule bibi hii, na usiruke kiko cha baba yako. Inawezekana meza itanyamaza tena. Acha inyamaze, kula chakula chako. Inawezekana pia kwamba yeye naye ana jambo lake analolificha mezani pale, na anangoja mtu aanze.

Baba yako na mama yako wanakusalimu sana. Mabruki fundi cherehani, rafiki yako wa Tabora, alipita juzi akasema suti yako ya kuvaa ukirudi ameshaikata kwa vipimo vya zamani, kwa hiyo usinenepe. Bernadeta anakusalimu. Nyamizi naye anakusalimu ingawa hamjuani. Nilimsomea barua yako, unisamehe, naye akasema nikuandikie kwamba anakuombea.

Mungu aliyemlinda babu yako kwenye njia ya misafara ya Ujiji akiwa na mzigo kichwani akulinde na wewe huko uliko, akupe watu wa kula nao, na akurudishe na jina lako lote.

Ukirudi ukiwa Mmormoni, nitakuwekea maziwa, na watu wakitazama kikombe chako nitakaa pembeni yako nitazamwe nawe. Ukirudi ukiwa Mmoravian, chai ipo. Ila ukirudi ukiwa yule kijana wa mahindi na karanga, mwanangu, sitajua nimmiminie nini, kwa sababu huyo sikumlea.

Ni mimi shangazi yako, ninayekupenda tangu ukiwa mgongoni,

Getruda