Mama Ameshashukuru

Sekei,
Arusha.
16 Septemba 2025

Mpendwa mdogo wangu Yoeli,

Marahaba. Shikamoo yako bado sijaiona, lakini naipokea kabisa, isije ikawa kisingizio cha kuchelewa kujibu. Hujambo? Wifi yangu Evaresta hajambo? Na Calvin ameshaota meno mangapi? Huko Kanada baridi imeanza, au bado mnatoka nje kama watu?

Sisi huku tu wazima. Hope yuko shule na anakusalimu. Mama naye mzima, ila goti linamsumbua asubuhi mpaka jua litoke. Mdomo wake hauna ugonjwa wowote, kama utakavyoona huko mbele.

Naandika kwa mkono kwa sababu nikikutumia ujumbe wa simu unanijibu kwa kidole gumba, na kidole gumba hakielezi kitu. Barua hii anakuletea Diana, binti wa mjomba, anayerudi huko wiki ijayo. Nimemwagiza asiondoke kwako mpaka umalize kuisoma. Mpe chai.

Habari kubwa ni nyumba ya mama. Ulipokuja kumzika baba, miaka minne iliyopita, ulilala gesti kule Usa River kwa sababu nyumba ya zamani ilijaa wafiwa hadi jikoni. Wewe huenda umesahau, mama hajasahau. Mpaka leo anasema, "Mtoto wangu alilala kitanda cha kukodi, na mimi mama yake niko hai." Nawe ulipokuwa unaondoka ulimwambia utarudi nyumba nyingine ikijengwa. Mama hakuhitaji kuambiwa mara mbili.

Kazi tulimpa Philemoni, yule anayeimba besi kwenye kwaya ya usharika. Mkono wake ni mzuri, siwezi kumsingizia. Alipiga msingi upesi, matofali yakapanda, akapaua, bati likang'aa mpaka majirani wakaja kulitazama. Tukamsifu sana. Nadhani tulimsifu mapema mno, maana tangu mwezi wa pili ikawa kila siku ni kesho.

Nikimpigia, simu yake inaita kwa wimbo wa kwaya yao. Wimbo ule sasa naujua ubeti mzima. Kinachoniudhi zaidi ni kwamba sauti yake mwenyewe ya besi naisikia humo ndani, inamsifu Bwana, wakati mwenye sauti hapokei. Siku akipokea, yuko njiani. Sijui ni njia gani hiyo isiyofika, maana kutoka kwake hadi kwa mama ni kuvuka mfereji tu. Mwezi wa saba akaniambia plasta haikauki kwa sababu ya ukungu wa mlimani. Ukungu nikaukubali, ulikuwepo kweli. Nikauliza plasta yenyewe iko wapi, akasema hajaanza kuipiga kwa sababu haitakauka.

Kisha akatuma picha. Ukuta umepigwa plasta safi, dirisha limetiwa kioo, yaani raha tupu. Nikapanda kwa mama mbiombio kumwonyesha. Mama akavaa miwani, akaitazama simu, wala hakuhangaika na ukuta. Alitazama migomba iliyokuwa nyuma yake.

"Hiyo migomba ya mishale ni ya nani?" akaniuliza. "Mimi nyuma ya nyumba sina mshale hata mmoja. Hapo ni kwa Mama Namnyaki, mshale ule nilimpa mche mwenyewe."

Kweli, ilikuwa kwa Mama Namnyaki. Fundi alikuwa na kazi nyingine huko, akaona ukuta ni ukuta. Angekuwa mtu wa kutoka mbali ningeelewa, lakini mtu aliyekulia huku huku alidhani mama yetu hataijua migomba ya jirani!

Nilikasirika, Yoeli, nikasema nitamfuata hadi mazoezi ya kwaya nikamwaibishe. Mama akaniambia nitulie, nile bakuli langu la loshoro. Akasema mtu wa kwaya haaibishwi, anashukuriwa. Sikumwelewa, nikala.

Jumapili ya tarehe kumi na saba mwezi wa nane, wakati wa shukrani, mama akasimama na fimbo yake, akaenda mbele pole pole na goti lake. Akasema, "Namshukuru Mungu kwa nyumba mpya aliyonipa. Namshukuru na fundi Philemoni, yule pale kwenye besi. Simama, baba, wakuone." Philemoni akasimama. Watu wakapiga makofi. Mama akaendelea, "Mchungaji amekubali kuja kuibariki Jumamosi, tarehe kumi na tatu mwezi ujao. Kwaya itakuja kuimba, na usharika wote mnakaribishwa."

Siku hiyo nyumba ilikuwa na plasta chumba kimoja. Haikuwa na mlango hata mmoja, na sebuleni kulikuwa na mbuzi wa Sakaya, jirani yetu, wanaopenda kupumzika mahali penye kivuli. Baada ya ibada, kwenye mnada wa sadaka, ulipofika mkungu wa ndizi aliotoa mama watu wakamkomalia yeye anunue, "Fundi wa mama, sema! Sema, fundi!" mpaka akaondoka nao begani.

Nilicheka mpaka nikashika mbavu. Ila kuna kitu nimekiruka hapo juu, na kwa kuwa naandika kwa wino siwezi kurudi nyuma. Kabla ya kuketi mama alisema jambo moja zaidi, "Na siku hiyo kwaya itavaa sare mpya anazoshona binti yangu Elinaza."

Nyani haoni kundule, mdogo wangu, nami langu sikuwa nimeliona. Kile kitambaa cha sare waliniletea kabla ya Pasaka. Kilikuwa bado kimekunjwa vile vile pale dukani Ngarenaro, juu ya rafu, chini ya magauni ya watu wengine niliowaambia waje Ijumaa.

Jumatatu asubuhi nikafika dukani, nikamkuta Philemoni amekaa kwenye ngazi.

"Mama Hope, zile sare zimefikia wapi?"

"Nimebakiza kupiga pasi tu."

"Vizuri. Hata mimi nimebakiza vitu vidogo vidogo."

Tukatazamana. Sisi wote ni mafundi, maneno hayo tunayajua yanakotoka. Akaanza yeye kucheka, nikafuata, tukacheka mpaka jirani wa duka la vipuri akatoka kuangalia. Kisha tukapatana: kila jioni mimi nimtumie picha ya sare nilizomaliza, na yeye anitumie picha ya kazi ya siku hiyo, mama akiwa amesimama ndani ya picha. Mama mwenyewe ndiye aliyekuwa ushahidi. Ninazo picha ishirini na kitu za mama kanuna mbele ya kuta mbalimbali, nitakutumia.

Siku yenyewe ilifika. Saa tatu asubuhi Philemoni alikuwa bado anapaka rangi sebuleni, saa nne akavaa sare akaingia kwenye mstari na rangi sikioni. Tuliwaonya wanakwaya wasiegemee ukuta. Watatu wa sauti ya tatu wakaegemea, sasa wana migongo ya krimu. Mlango wa choo haukufika, tukatundika kitenge changu, na mchungaji alipofika hapo akakibariki na chenyewe. Lakini nyumba imesimama, Yoeli. Haina mahali inapovuja wala inapoyumba. Nilimsamehe fundi hapo hapo.

Mchungaji akazunguka akiomba chumba kwa chumba. Tulipofika cha mwisho, kile kinachotazama mlima, mama akafungua fundo la kanga, akatoa ufunguo. Mimi nilidhani mna magunia. Kumbe kitanda kimetandikwa shuka mpya, na pembeni kuna kitanda kidogo cha mtoto alichomchongesha seremala kimya kimya. Mama akasema, "Hiki cha Yoeli." Nililia mbele ya watu, sikuona haya.

Baada ya maombi akafunga tena. Na yeye mwenyewe bado analala nyumba ya zamani. Nimemsema, nimebembeleza, anasema hawezi kutangulia kulala wakati mwenye nyumba hajafika.

Sasa sikia. Mwaka juzi ulisema utakuja kazi ikitulia. Mwaka jana ukasema mtoto akikua kidogo. Mwaka huu ukasema nyumba ikiisha. Nilikuwa nakuamini, mpaka nilipokaa na fundi miezi saba. Mama hajakusema hata siku moja, wala hatakusema. Ana miaka sabini na sita, na kila jioni anafagia chumba ambacho hakuna aliyekichafua.

Juzi Jumapili alisimama tena kanisani. Alimshukuru Mungu kwa kumrudisha salama mwanawe Yoeli, na mkwewe, na mjukuu wake Calvin, atakayebatizwa Jumapili ya tarehe ishirini na nane Desemba. Watu walipiga makofi kuliko siku ya nyumba. Mchungaji ameandika kitabuni, kwaya imeanza mazoezi, na Philemoni anasema atachukua besi ya peke yake. Safari hii sikucheka.

Msalimie sana wifi, mwambie nimemwekea kitenge ambacho hakijawahi kuwa mlango. Mjomba anakusalimu, Mama Namnyaki na mishale yake wanakusalimu, hata Philemoni, kama mtu aliyepita unakopita wewe. Mungu awalinde huko, awafungulie njia, nayo iwe fupi.

Ni mimi dada yako nikupendaye, hata usipopokea simu,
Elinaza

Nyongeza: Usihangaike kununua gauni la ubatizo la Calvin. Limeshashonwa, limepigwa pasi, na ndani nimeacha nafasi ya kuongeza akiwa amekua. Ndiyo, nimelimaliza miezi mitatu kabla ya siku. Liko juu ya kile kitanda kidogo.